Mikono Mfukoni Mbele ya Diski Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini nilikatazwa kufanya kazi. Nilifika karakana ya kompyuta ya magereza kule Jinja kabla ya saa moja asubuhi, shati limepigwa pasi, bisibisi mbili mfukoni, na hamu ya kufungua kila kitu chenye skrubu. Mkuu wa karakana alikuwa Sajini Akello, mama mrefu wa kaskazini, asiyependa maneno mengi. Alinikagua kuanzia viatuni hadi kwenye bisibisi.

"Wewe ndio fundi mupya?"

"Ndiyo, afande."

"Mikono yako iko wapi?"

Nikamwonyesha.

"Weka mufukoni. Mupaka saa nne, hapana gusa kitu. Tumia macho."

Mimi ni mtu asiyejua kutulia. Hata kanisani goti langu hucheza mahubiri yakizidi kidogo. Saa tatu zile ziliniuma kama jino bovu. Lakini kufikia saa nne nilikuwa nimeona feni iliyogoma, waya uliolegea, na kompyuta moja iliyoandikwa "imekufa" ambayo kwa kweli haikuwa imechomekwa ukutani. Nikamwambia sajini. Akaitikia kwa kichwa: "Haya. Sasa toa mukono."

Kwake ndiko nilikojifunza diski za kuchomoa moto. Ninyi vijana mnahifadhi kila kitu hewani, kwa hiyo nitaeleza. Diski ni kile kisanduku kinachotunza kumbukumbu zote za kompyuta. Kwa kawaida hufungwa ndani, na huiondoi mpaka uzime mashine. Ya kuchomoa moto hukaa kwenye droo mbele ya mashine, nayo huweza kutolewa na kurudishwa mashine ikiwa inawaka. Ofisi zisizoweza kusimama zilizipenda sana. Mara nyingi ziliwekwa mbili, pacha: kila kinachoandikwa kwenye moja huandikwa na kwenye nyingine, ili moja ikifa nyingine ishike kazi.

Kompyuta ikikataa kuiona diski, sajini alikuwa na utaratibu wake, na ole wako uruke hatua. Kwanza tazama kama droo imeingia mpaka mwisho na komeo limelia. Pili waya wa umeme, tatu waya wa data. Nne, ingia kwenye mipangilio ya ndani ya mashine uone kama tundu la droo ile limeruhusiwa kuchomolewa moto, maana mafundi wengi husahau hilo kisha wakailaumu diski. Na ukishaivuta diski kidogo, usiitoe yote. Ndani mna sahani inayozunguka kwa kasi, iache itulie. Hesabu thelathini, mikono mfukoni.

"Taa ya kijani hapana amini," alikuwa akisema. "Taa inasema umeme iko. Haisemi diski ni muzima."

Miaka ikaenda. Nikahamishiwa Mbale, kwenye gereza moja ambalo sitalitaja, kutunza kompyuta za ofisi ya kumbukumbu. Mkubwa wangu alikuwa Afande O.C., yaani ofisa msimamizi, mtu wa haki lakini mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Karani wa ofisi alikuwa Koplo Wandera, na sijapata kuona mtu msafi kama yule. Kila Jumamosi palikuwa na ukaguzi, na Wandera alisugua ofisi ile mpaka unaogopa kukanyaga.

Mashine ya kumbukumbu ilikuwa na droo mbili za diski pacha, ya juu na ya chini. Siku ya kuifunga nilikuwa na haraka ya kwenda kupanga chumba Namakwekwe. Nikaandika "1" na "2" kwenye vipande vya plasta, nikavibandika kwenye droo zenyewe badala ya kando ya matundu. Angalau namba ndefu zilizochapwa kwenye diski niliziandika kwenye daftari langu, pamoja na tundu la kila moja. Nilijisifu pia mbele ya Wandera: hizi, koplo, unazichomoa kama droo za kabati. Maneno hayo ningeyameza kama ningejua yatakakoishia.

Ijumaa moja, saa nane mchana, niliitwa mbio. Kioo cha mashine kilikuwa na onyo kwamba diski ya tundu la pili imeharibika. Kwenye lango la nje alikuwa ameketi mama mmoja kutoka Budondo. Mwanawe, Balikowa, alikuwa amemaliza kifungo chake siku ile ile. Baba wa kijana huyo alikuwa amefariki juzi, na maziko yalikuwa kesho yake saa nne asubuhi. Faili lake la karatasi lilikuwa limepelekwa mahakamani Jinja, hivyo hati ya kumtoa ilitegemea kompyuta ile tu. Isipotoka kabla ya saa kumi na moja, ofisi ingefungwa hadi Jumatatu.

"Fundi!" O.C. alinguruma. "Mutu anatoka leo! Fanya upesi!"

Hapo ndipo nilipomsahau Sajini Akello. Niliona plasta yenye "2", nikafungua komeo, nikavuta droo yote mara moja. Kompyuta ikaganda. Majina yote kwenye kioo yakafutika. Nilikuwa nimechomoa diski nzima na kuiacha ile mgonjwa.

Nikafanya kosa la pili, baya kuliko la kwanza: nikairudisha kwa kuisukuma kwa nguvu, sahani ingali inazunguka. Komeo halikulia. Mashine haikuiona. Nilimchukia kila mtu mle ndani, kuanzia na mimi mwenyewe.

"Koplo," nikauliza, "nani amegusa droo hizi?"

Wandera akasimama wima. "Mimi, afande. Jumamosi umeme ilipotea, nikatoa zote mbili nikapanguza vumbi. Nikarudisha vizuri. Wewe ulisema ni kama kabati."

Alikuwa amezirudisha safi kabisa, ya juu chini na ya chini juu. Ningemkaripia kwa lipi? Plasta zilihama pamoja na droo, na mwandiko ulikuwa wangu.

Nikazima mashine. Kisha nikaweka mikono mfukoni.

Ofisi ilikuwa na dirisha linalotazama langoni, na yule mama alikuwa amekuja kusimama pale, kitenge kimefungwa kiunoni, ameshika mfuko wenye shati jeupe la mwanawe. Alinitazama nimesimama tu.

"Mzee, kompyuta nayo inafunga watu?" akauliza. "Mutoto yangu amemaliza. Kesho tunazika baba yake. Nitawaambia nini kule Budondo?"

Nilihesabu. Ishirini na moja, ishirini na mbili. O.C. akapiga meza: "Fundi, umekuja kupumuzika?" Vidole vyangu vilikuwa vikicheza ndani ya suruali kama panya guniani. Thelathini.

Nikatoa droo zote mbili, nikasoma namba ndefu zilizochapwa kwenye diski, nikazilinganisha na daftari. Ile mgonjwa ya tundu la pili ndiyo niliyoiandika ya kwanza daftarini; nzima ilikuwa ile niliyoichomoa. Droo yake ilikuwa imeingia upande, nayo haikugusa mwisho. Nikainyoosha, nikaiingiza polepole kwa kiganja, mpaka komeo likasema "ka". Ile mgonjwa nikaiacha mezani. Nikawasha.

Mashine ilianza kujikagua, asilimia moja moja. Saa kumi na robo. Saa kumi na nusu. Nilirudisha mikono mfukoni kwa sababu nilijua nikiitoa nitagusa kitu. Saa kumi na dakika arobaini, majina yakarudi. Wandera akatafuta herufi B. Hati ikachapwa, O.C. akaitia sahihi akiwa bado amesimama.

Balikowa alitoka akivaa lile shati jeupe huku anatembea. Mama yake akapiga magoti akamshukuru O.C., akamshukuru Wandera kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilimsikia akimwambia mwanawe, bila hata kupunguza sauti: "Hawa wawili wamehangaika. Ile mzee nyingine ilisimama tu na mikono mufukoni."

Wandera alitaka kumsahihisha. Nikamzuia. Aliyewachelewesha karibu saa tatu ni mimi, na shukrani isiyo yako haina ladha.

Jioni ile nilihamisha plasta kwenye matundu. Kwenye ripoti niliandika kwamba kosa lilikuwa langu. O.C. aliisoma, akanguruma kidogo, akaigonga muhuri. Kesho yake mchana Wandera alinipigia simu: "Afande, wamefika. Balikowa ametupa udongo."

Sasa nimestaafu, naishi Malukhu, na sijatulia bado. Redio ya jirani ikikwaruza, mkono unaniwasha. Simu ya mke wangu ikigoma, nainuka kitini kabla hajamaliza kunieleza. Ameniambia kuwa kila suruali yangu huanza kutoboka mfukoni, na kwamba amechoka kushona mahali pamoja. Nami namwomba ashone tena, kwa uzi mgumu.