Jino la Mkuu wa Kikosi

Aibu hii nimejitakia mwenyewe. Jeshi lilinisomesha udaktari wa meno, nami nikasaini kulitumikia miaka kumi. Mwaka wa nne nikajiona mfungwa. Zahanati binafsi zilikuwa zimeruhusiwa tena nchini, na mwenye zahanati mmoja hapa Dodoma mjini akaniomba nimshikie kazi wiki moja. Nikaaga kambini kwamba naenda kijijini kwetu Busi kumwuguza mama. Mama alikuwa mzima, analima.

Siku ya tatu akaingia mzee mwenye kanzu, shavu limevimba. Mkuu wangu wa kikosi! Nikavuta kitambaa cha mdomoni hadi chini ya macho, nikabana sauti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Daktari wetu kaenda Busi kumwuguza mama yake, ndiyo maana nimekuja huku. Kijana mzuri yule. Juzi nimempitishia barua ya kwenda kusomea ubingwa."

Jino nikaling'oa salama. Nikajua nimepona. Mzee alipoinuka kitini, visigino vyangu vikagongana vyenyewe na mkono ukapiga saluti, bila kofia, koleo na jino lake vikiwa kiganjani.

Hakukasirika. Aliuma pamba, akaniuliza:

"Mama hajambo, Luteni?"