Virusi vya Kompyuta ya Mama Adela

Jamani, hili lichekeni hapahapa na liishie hapahapa, maana kuna watu pale Biharamulo mjini wakiniona sokoni wananiita Virusi, na mimi, kwa aibu zangu, naitika.

Kazi yangu ni kompyuta, kwenye ofisi moja pale mjini (siitaji, wenyewe wanajijua). Tuliletewa seva mpya, nikaambiwa niziunge kompyuta zote sita kwenye domeni, yaani kila mtu awe na jina na neno la siri linalotambuliwa na seva, siyo tena kila kompyuta kujitawala yenyewe. Sasa shida iko hapa: ukishaiunga, mtu akiingia kwa jina lake jipya, kompyuta inamfungulia chumba kipya kitupu kabisa, na vitu vyake vyote vinabaki kwenye chumba cha zamani ambacho yeye hakioni. Havijapotea, ila lazima umhamishie, ndiyo tunaita kuhamisha profaili. Naijua kazi hiyo, nimeisomea, na zile tano za kwanza nilizihamisha vizuri, hadi picha za wajukuu wa watu zikabaki palepale kwenye kioo.

Ya sita ilikuwa ya Mama Adela, katibu muhtasi wetu. Mama Adela hajui folda. Kila barua aliyoiandika tangu aanze kazi ameiweka deskitopu, zimejaa mpaka ukutani, na ukimwuliza anakwambia kitu usichokiona utakipataje. Ilikuwa Ijumaa alasiri, kompyuta ikaniambia kuhamisha vyote hivyo nisubiri saa moja na nusu, na gari la mwisho la Ngara lilikuwa linapakia, na nyumbani Bugarama mama alishaniambia maharage mapya yameiva. Nikaiunga, kuhamisha nikaacha, nikajiambia Jumatatu nitawahi kabla hajafika. Haraka haraka haina baraka nilifundishwa darasa la pili, nikaja kuisahau nikiwa na diploma.

Jumatatu gari likapata pancha njiani. Nafika ofisini saa tatu, namkuta Mama Adela mikono kichwani mbele ya kioo kitupu cha bluu, bosi amesimama pembeni yake, na wageni kutoka mkoani wameshaketi ukumbini wakisubiri ripoti iliyokuwa humohumo. Bosi akaniuliza kuna nini, na Ijumaa kabla sijaondoka nilikuwa nimemwapia kwamba hakitapotea kitu.

"Ni virusi, bosi," nikasema.

Sijui neno lile lilitoka wapi, lilitoka tu. Hesabu yangu ilikuwa bosi aende kuwapigisha wageni soga, mimi nihamishe kimyakimya, kisha nionekane daktari. Kumbe bosi naye hataki mchezo. Akachomoa waya wa umeme kwa mkono wake, akasema kompyuta hiyo isiguswe mpaka ajulikane aliyeleta virusi, halafu akauliza nani alichomeka flashi humo. Ofisi nzima ikamgeukia Mzee Masanja.

Mzee Masanja ni dereva wetu, alihamia huku kutoka Shinyanga na ng'ombe wake, na kanisani kwao anaimba besi. Kila Ijumaa Mama Adela humwekea nyimbo za kwaya kwenye flashi za kusikiliza garini, jambo ambalo sote tulilijua na sote tulilifurahia tukiwa safarini. Hakukana. Alisema ni kweli alichomeka, na kama nyimbo zina ugonjwa yeye hakujua. Bosi akamwambia akabidhi funguo za gari na aandike maelezo, na mzee wa watu, aliyebakiza miezi michache tu astaafu, akazitoa mfukoni akaziweka mezani taratibu. Kisha akamgeukia Mama Adela.

"Nisamehe, mama. Nimekuharibia kazi yako."

Hapo nilishindwa. Nikasema hakuna virusi, lakini sauti ilitoka ndogo kama ya kifaranga, bosi akaniambia nirudie. Nikarudia kwa nguvu, na mlango wa ukumbi ulikuwa wazi.

"Hakuna virusi, bosi. Ni mimi. Nilikuwa nawahi gari."

Adhabu yangu ilikuwa kuibeba ile kompyuta hadi ukumbini, niiunge na projekta, na kukifungua kile chumba cha zamani mbele ya wageni wote. Dakika moja tu, barua zote za Mama Adela zikajaa ukutani na ripoti ikiwamo. Mgeni mmoja akauliza kwa upole, sasa hivyo virusi viko wapi. Bosi akaninyooshea kalamu, ukumbi mzima ukacheka, na jina nikalipata siku hiyo.

Tangu hapo siungi kompyuta ya mtu bila mwenyewe kukaa kando yangu, ahakikishe kila kitu chake kimehama ndipo nasimama, na magari yaondoke yakitaka. Mzee Masanja alirudishiwa funguo kabla ya chai. Nilimwamkia shikamoo nikiwa nimeinama, akaitikia marahaba mwanangu, akasema yameisha. Lakini flashi hajaileta tena. Ijumaa nikimwomba mwenyewe alete nimwekee nyimbo, anatabasamu na kuniambia niache tu, na kwenye lile gari siku hizi tunasafiri kimya.