Chakula Chukuchuku cha Mume Wangu

Wifi yangu alinichukia tangu siku ya harusi, na mimi sikumdai mapenzi. Lakini mume wangu alipopasuliwa Dar es Salaam, enzi za Mwingereza, chuki yake ilipata kazi ya kufanya.

Mume wangu alikuwa na uvimbe kwenye umio, hata uji ukawa haupiti. Daktari Mzungu alimpasua kifua akautoa. Uvimbe ulitoka salama, ila nyuma ya umio kuna mshipa mwembamba kama uzi, ndio unaopeleka mafuta ya chakula kwenye damu, nao ukajeruhiwa. Kuanzia hapo kifua kikawa kinajaa maji meupe. Walimtia mpira wa kuyatoa, wakamnyima mafuta ya kila aina, na mpira ulipokauka wakaturudisha Mafia. Daktari alinikanya kupitia mkalimani: nazi asiguse, samli asiguse, mpaka mshipa uzibe kabisa. Ukivuja sana tena itabidi apasuliwe ufungwe, na kisu cha pili, alisema, hadhani mwili ule utakiweza.

Basi nikarudi Ndagoni, minazi kila upande, nikampikia mwanamume wa Mafia chakula chukuchuku. Wali wa maji na chumvi. Changu wa kuchemsha. Kwetu hata mgeni usiyempenda humpi chakula kisicho na tui. Majirani walichungulia chungu changu wakaenda kusimulia, na habari ikavuka maji hadi Kisiwa cha Bwejuu, alikoolewa wifi.

Akaja na kikapu cha nazi. Nikamwamkia, "Shikamoo, wifi," akapita bila kuitika, moja kwa moja hadi kitandani kwa mdogo wake.

"Umekonda hivi, na una mke?" akasema, kwa sauti ya kusikika njiani.

Nilimweleza alivyosema daktari. Nilimweleza tena na tena, hata nikaichoka sauti yangu. Akanisikiliza huku akitafuna tambuu, kisha nilipokwenda shamba akampikia wali wa tui zito. Mume wangu alikula akalamba vidole.

Siku chache baadaye akawa hawezi kulala, anahema kwa mabega. Dresa wa zahanati ya Kilindoni alikuja, akamchoma sindano katikati ya mbavu na kuvuta. Bakuli likajaa maji meupe, mazito.

Wifi alilitazama akashika kiuno. "Mnaona? Hizo ndizo nguvu zake zinazomwagika. Kinachotoka si lazima kirudishwe? Na huyu anamlisha chukuchuku, anaitaka minazi yake!"

Majirani wakaitikia kwa vichwa, maana kwa macho yao alisema kweli. Dresa, mwoga yule, akajishughulisha na kuosha sindano.

Sikubishana tena. Niliingia jikoni, nikaichukua mbuzi ya kukunia nazi, nikaipasua kwa shoka, nikaitia motoni. Kikapu chake nikakiweka nje.

"Wifi, njia ile. Ukirudi na nazi hapa, nitakupiga nazo."

Akaondoka akinilaani. Mume wangu akasema, "Umemfukuza dada yangu, aliyenilea," akageukia ukuta, na toka hapo hakunisemesha. Sawa. Nikamlisha hivyo hivyo. Akisusa, nilimkalia mpaka ameze. Kulikuwa na siku nilimchukia kuliko nilivyomchukia dada yake, na siku hizo ndizo nilizochemsha samaki kwa uangalifu zaidi. Dresa aliendelea kuja na sindano yake. Maji yakapungua weupe, yakawa manjano, mwisho hapakuwa na cha kuvuta. Akalala chali, akakoroma.

Alipopona tukasoma maulidi ya shukrani. Wifi aliitwa. Sisi wanawake tulikuwa ndani, na kupitia pazia nilimwona mume wangu akisimama barazani mbele ya wageni. Akamshukuru Mungu.

"Na dada yangu," akasema. "Bila ya wali alionipikia, ningekufa njaa nyumbani mwangu mwenyewe."

Wifi, pembeni yangu, akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Mimi nilikuwa napakua pilau. Kabla ya kusema maneno yale nilimwona mume wangu akivuta pumzi ndefu, ya kifua kizima, bila kukohoa. Pumzi ile niliipigania mimi, naye akaitumia kunisema mbele za watu.