Maji ya Baraka Kwenye Simu

Watu wa hapa Kalemie wakisikia mutoto wangu anacheza mupira Amerika, wananiuliza amefunga magoli mangapi. Nimechoka kueleza. Mupira wenyewe si wa miguu. Ni kitu chenye umbo la yai, kinashikwa mikononi, na kazi ya mutoto wangu ni kupewa kile kitu na kukimbia nacho katikati ya wanaume wanene kama makabati, ambao kazi yao ni kumuangusha chini. Akianguka anaamka, anapewa tena. Akifika nacho mwisho wa uwanja, watu wanapiga kelele. Basi, hiyo njo kazi yake. Wanaonisikia wanacheka, wanasema Papa unatudanganya. Siwalaumu, maana mara ya kwanza hata mimi nilisema nadanganywa.

Mimi nilibeba magunia bandarini. Mahindi, sukari ya kutoka Kigoma, saruji ya Kabimba ambayo vumbi lake linakaa kifuani hata ukioga namna gani. Nilianza kijana mwenye shingo kama ya ng'ombe, nikatoka muntu ambaye akitaka kuangalia nyuma, lazima ageuke mwili muzima. Kwa hiyo nilipopata mutoto mwanaume nilisema wazi mbele ya kila muntu: huyu hatakula kwa mwili wake. Atabeba kalamu. Marafiki walinicheka kwamba hata kalamu ina uzito wake. Wacheke tu, nilikuwa sitanii.

Mujomba wake, ndugu ya mama yake, alikimbia vita akavuka ziwa, akakaa myaka mingi kambini Tanzania. Alikuwa na moyo muzuri na watoto wake walikuwa wanasoma, basi tukamupelekea na wetu asome nao. Tulifikiri ni kwa muda. Mara tukasikia jamaa yote ya mujomba imekubaliwa kwenda Amerika, na mutoto yumo ndani. Alirudi kutuaga. Alikuwa anaanza kuota ndevu ambazo bado si ndevu.

Kwa upande wa baba yangu tuna desturi moja. Mutoto akienda mbali ao akianza kazi, baba anajaza maji kinywani, anamupulizia kifuani na kwenye viganja, halafu anasema maneno. Maji kwanza, maneno nyuma. Na maneno njo baraka yenyewe. Baba akipuliza maji halafu akanyamaza, hajakubariki, amekuachilia tu, uende na njia yako. Niliona jambo hilo mara moja katika ukoo wetu, na yule kijana hakukaa sawa tena mahali popote. Mimi siku ile ya kumuaga bandarini nilimupulizia wangu, nikasema maneno mengi mpaka wenye mashua wakanikemea. Nilimuambia akasome.

Akasoma, sikatai. Lakini alipokuwa kwenye shule yao ya sekondari, mujomba akatutumia video. Tuliiangalia mimi na mama ya watoto, vichwa vimegusana juu ya simu yake, maana mimi sina yangu. Tuliona vijana wamevaa makofia ya chuma, mabega yamevimba kama wameficha mito ndani ya mashati. Mumoja akapewa lile yai, akakimbia, wakamurukia wanne, wakawa lundo. Mujomba akaandika chini: yule wa chini kabisa ni wetu.

Damu ilinichemka. Nilimupigia mujomba simu nikamutolea maneno ambayo siwezi kuyarudilia hapa. Yeye akaniacha nimalize, halafu akaanza kueleza polepole. Mutoto alikuwa anacheza mupira wa kawaida na wenzake pale uwanjani, mwalimu wa mupira ule mwingine akamuona anavyokimbia, akamuita. Mwanzoni alikaa kwenye benchi wiki nyingi, hajui hata kanuni. Siku yule mwenye ile nafasi alipoumia, wakamuingiza bila kutarajia, na akawapita wote. Toka siku hiyo shule nzima inajua jina lake. Mujomba alisema maneno hayo kwa fahari, mimi nikamuambia nilimupa mutoto, sikumupa gunia.

Mutoto mwenyewe hakubishana nami. Kila nikimukataza alisema ndiyo Papa, ndiyo Papa, na Jumamosi inayofuata video nyingine inaingia. Ana kichwa kigumu yule. Watu wanasema amekitoa kwangu, lakini watu wa hapa wanasema mambo mengi.

Halafu chuo kikuu kimoja kikamuita. Wakasema kwa sababu ya zile mbio, hatalipa minerval ya masomo, hatalipa chumba, hatalipa chakula. Hapo kinywa changu kilifunga. Hapa kwetu watoto wanafukuzwa darasani kwa ajili ya minerval kila mwezi, nami nilibeba saruji kwa ajili ya minerval ya dada yake. Nikasema moyoni: vizuri, lile yai limulipie masomo, akipata diploma aliweke chini. Nilijiona muntu mwenye akili sana.

Chuoni alianza tena nyuma ya watu wote. Kule vijana wenye mbio wamejaa, kila mumoja alikuwa mufalme wa shule yake. Mwaka wa kwanza hakucheza. Wa pili aliumia bega, wakamupasua, na sisi tukaambiwa wakati kidonda kimekwisha kukauka. Siku nyingi nilimukasirikia kila muntu. Mama ya watoto akaniuliza hasira ni ya nani, ya mutoto ao ya bega. Haikuwa hasira, ilikuwa ni woga tu.

Mwaka wa mwisho ndio wakamupa nafasi ya kwanza. Kuna video moja ya mwaka ule. Anapewa mupira, na badala ya kukimbia, anasimama. Anaweka mukono mumoja mgongoni kwa mwenzake aliye mbele, munene, anayezuia watu, anangoja. Kila muntu anasukumana na yeye anangoja tu. Kisha pakafunguka nafasi ndogo pembeni, ambayo mimi sikuiona hata niliporudilia, akaingia humo akapotea, akatokea ng'ambo peke yake, mbele yake hakuna muntu. Nilijikuta nimesimama katikati ya nyumba. Mama ya watoto akanitazama, nikasema nilikuwa nanyoosha miguu.

Akapata diploma yake, mambo ya ujenzi. Nikapumua. Nikamupigia kumuambia sasa aweke chini kile kitu, atafute biro, kazi ya ofisini. Akasema kuna siku zinakuja ambapo timu kubwa za kulipwa zinachagua vijana. Alisema anaweza kuchaguliwa, anaweza asichaguliwe, yeye si wa kwanza kwa ukubwa wala kwa mbio. Lakini hataenda kokote bila maji yangu.

Nilimuambia nitafikiri. Nikafikiri mwezi muzima, yaani nilinuna mwezi muzima. Mutoto alikuwa ameniwekea jambo mikononi, na alijua. Hapa kwetu kijana akishindwa maisha, kitu cha kwanza watu wanauliza ni nani amemukasirikia nyumbani. Yeye amekulia kule, angeweza kuyacheka mambo haya, lakini hakuyacheka. Nikimunyima neno, ataacha. Nikimupa, siku atakapovunjwa shingo, ni kinywa changu kitakachokuwa kimemutuma. Nililala na jambo hilo, nikaamka nalo, nikala bukari nalo.

Mwisho mama ya watoto alichoka. Alikuwa anachagua visamaki vya ndakala kwenye ungo, hakuinua hata macho. Alisema, “Mupe mutoto neno, ao umunyime wazi. Lakini usimuache amesimama mulangoni.”

Siku yenyewe ya kuchaguliwa ilikuwa Jumamosi. Kule kwake asubuhi, huku kwetu mchana umekwisha kupinda. Nilivaa shati safi. Mama ya watoto akashika simu yake kwa mikono miwili mbele yangu, na mutoto akatokea ndani, amekuwa mukubwa, uso wa baba yangu kabisa. Alikuwa amenyoa vizuri. Akafungua viganja vyake viwili mbele ya kamera, kama nilivyomufundisha siku ile bandarini. Alikuwa amekumbuka.

Sasa, nani alinifundisha namna ya kubariki muntu aliye ndani ya simu? Hakuna. Viganja viko pale, mimi nina kikombe. Nikajaza kinywa, na kwa sababu alikuwa mbali nikakijaza kupita kiasi, nikapuliza. Si manyunyu. Ilikuwa mvua. Kisha nikafumba macho, nikasema maneno yangu yote. Niliita majina ya wazee wetu mumoja mumoja. Nilimuambia aende, nilimuambia mengi, na naamini sijawahi kusema vizuri kama siku ile. Nilipofumbua macho, mama ya watoto alikuwa anakung'uta simu kama mutoto aliyepaliwa. Kioo kilikuwa cheusi.

Tuliipangusa kwa kitenge. Tuliitia ndani ya muchele. Tuliipeleka kwa fundi wa simu pale sokoni, akaifungua, maji yakamwagika mezani kwake, akatuuliza kama ilianguka ziwani. Hakuna kati yetu aliyekuwa na ujasiri wa kutosha wa kusema ukweli, tukakubali kwamba ilianguka ziwani. Namba ya mutoto ilikuwa humo ndani, wala hatukuwa tumeiandika popote. Mwenye kuijua ni dada yake, na dada yake ameolewa Kabimba. Tukasema haidhuru, amekwisha kusikia.

Jumapili asubuhi, tukitoka kwenye misa, tukamukuta dada yake amekaa mulangoni kwetu, ameteremka kwenye lori la saruji, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa amefuata uchaguzi wote wa zile timu kwenye simu yake, jina kwa jina, mpaka la mwisho. La kwetu halikusomwa.

Mama ya watoto akaketi chini palepale. Na mimi, nitasema ilivyokuwa: roho ilinitulia. Mwili wote ukalegea, kama unapofika mwisho wa ubao wa mashua na kutua gunia. Nikafikiri, basi, nimetoa baraka, Mungu amekataa, mutoto atabaki na shingo yake, hakuna wa kulaumiwa. Nikaenda kunawa uso ili wasinione.

Nilikuwa bado nanawa, simu ya dada yake ikalia. Ni mutoto. Dada yake akaniletea, akasema anataka Papa peke yake. Hakuwa ameweka picha, ilikuwa sauti tu.

Alisema, “Papa, jana ulipuliza maji, halafu ukakata.”

Sikuelewa haraka. Akaendelea, polepole, anatafuta maneno ya Kiswahili ambayo siku hizi yanamukimbia. Alikuwa amebaki na viganja wazi, akingoja. Akafikiri pengine ni reseau ya simu imeanguka. Akapiga tena na tena, simu imefungwa. Akaelewa kwamba nimenyamaza. Siku nzima ya kuchaguliwa aliikaa hivyo, katikati ya jamaa ya mujomba, hakumuambia muntu. Hakuchaguliwa, lakini baada ya kila kitu kwisha timu moja ikamupigia: wako tayari kumuchukua hivyohivyo, aje kushindania nafasi, akiweza watamulipa kama wengine. Wanataka jibu kabla kule kwao hakujapambazuka.

“Sijawajibu,” akasema. “Kama ulinyamaza kwa kusudi, Papa, uniambie tu. Nitaacha. Nitatafuta biro, na sitakukasirikia.”

Nimekaa na dakika ile mara nyingi tangu hapo. Kila nilichokitaka kwa myaka yote, tangu ile video ya kwanza, kilikuwa kimewekwa mbele yangu, na sikuhitaji hata kusema uongo. Nilihitaji kunyamaza tu, kidogo zaidi. Nilisikia anapumua. Mutoto ambaye hajui hata kukasirika, amekesha na mikono mitupu kwa sababu ya kikombe cha maji. Na nikaiona tena ile video, ameweka mukono mgongoni kwa mwenzake, anangoja pafunguke.

Nikasema, “Sikukata. Nimeua simu ya mama yako. Maji yalikuwa mengi.”

Nikasikia kitu nikadhani analia, kumbe anacheka, halafu kweli akalia. Nilimuambia maneno niliyasema yote, tena mazuri, yalimwagika hewani. Akaniomba niyaseme tena.

Na hapo, hakuna hata moja lililorudi. Yale ya wazee, yale ya ukoo, yote yalikuwa yamekwenda. Nilisimama pale, uso una maji, nikasema yaliyokuja.

“Enda ukabebe. Wakikuangusha, uamke. Na siku mwili wako ukikuambia basi, usimusikilize mwalimu, wala mimi. Uweke muzigo chini, urudi hapa kwa miguu yako mwenyewe.”

Akasema amina, Papa. Nikamurudishia dada yake simu haraka, maana nilikuwa nimeanza kulia, na ile simu haikuwa yangu ya kulowesha.