Kovu la Donatille Siku ya Posa

Usimwone Donatille kanyamaza ukadhani ni mpole. Alilelewa Buyenzi, kule Bujumbura, na mtoto wa Buyenzi hanyang'anywi neno mdomoni. Sasa ni fundi cherehani mtaa wa Gisimenti, anashona mishanana ya maharusi, yale mavazi ya kutupiwa begani, na wateja wake wanajua: ukimletea kitambaa kibovu, atakwambia usoni.

Mwaka juzi jicho lake la kushoto lilianza kujifunga lenyewe. Ikifika jioni ulimi unakuwa mzito, maneno yanaburuzika. Lo, watu na midomo yao! Wakasema fundi siku hizi anapiga chupa, yeye ambaye hata pombe ya ndizi ya harusini humwachia jirani. Hospitali ikasema mengine: tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua imeota uvimbe, na ndiyo inayomlegeza misuli. Wakampasua kifua katikati, wakautoa.

Baadaye Rwema, daktari kijana wa utafiti, akamwomba damu. Alimweleza kwamba uvimbe haukui bila kulishwa. Hujivutia mishipa mipya ya damu, na watu hutofautiana kidogo katika vinasaba vinavyoiamuru mishipa hiyo iote.

"Tunatafuta kama tofauti hizo zina mkono kwenye uvimbe wa tezi hii. Bado hatujui, mama."

"Vinasaba si ndivyo mtu anamrithisha mtoto?"

"Ndiyo. Lakini hata watu wenye afya njema wanazo tofauti hizo, na hawaugui. Hakuna awezaye kusema binti yako ataugua."

Donatille alisikia neno moja tu: kurithisha. Alitoa damu, akarudi nyumbani roho juu, maana Raïssa, binti yake wa pekee, alikuwa amechumbiwa na Clovis. Na kwetu watu hawaoi msichana peke yake, wanaoa na ukoo wake, wakishauliza kwanza nyie huwa mnakufa na nini.

Kaka yake, Silvère, ambaye angekuwa msemaji wa familia siku ya posa, alimwonya. "Funga mdomo. Ukisema, Raïssa atazeekea hapa."

"Mficha maradhi, kilio humfichua," akajibu Donatille. Lakini alinyamaza, na kunyamaza kukamkosesha usingizi.

Posa ilifanyika Rebero, nyumbani kwa Silvère. Mnajua mambo ya posa: wasemaji wa pande mbili hutaniana, wenye msichana wakibuni visingizio vya kumnyima. Silvère akasema binti kaenda masomoni ng'ambo. Mara akasema kaahidiwa mwingine. Watu wakavunjika mbavu. Ndipo Donatille akasimama, mahali ambapo mama wa binti hasimami.

"Mimi nilitolewa uvimbe kifuani. Labda iko ndani ya damu yetu, daktari mwenyewe hajui. Nimetaka mjue mbele ya kutuomba mtoto."

Kicheko kikalipuka! Walidhani ni kisingizio kingine. Mzee Bigirimana, msemaji wa upande wa Clovis, akajibu kwa mbwembwe: "Basi sisi damu yetu iko na wazimu. Tumelingana!" Makofi yakarindima.

Donatille alipandwa na hasira. "Sichezi, mzee!" Akashusha mshanana begani, akafungua blauzi vifungo vya juu. Kovu likaonekana, limeanzia chini ya koo likashuka kifuani. Hakuna aliyecheka tena. Silvère aliinamisha kichwa, na ndani ya nyumba, alikokuwa akisubiri kuitwa, Raïssa alisikia vicheko vimekatika akasogelea mlango.

Donatille akajaribu kufunga vifungo; vidole vikagoma. Basi Vestine, mama yake Clovis, mwanamke asiye na maneno mengi, akanyanyuka upande wa wageni, akavuka nafasi ambayo haivukwi kabla posa haijakubaliwa, akamfunga yeye mwenyewe.

"Bado inauma?" aliuliza.

Watu walikuwa wamemuuliza Donatille juu ya pombe, juu ya ukoo, juu ya Raïssa. Nje ya hospitali, hilo hakuna aliyemuuliza. Alilia palepale mbele ya wakwe, machozi na makamasi.

Vestine akamshika mkono, akamgeukia Bigirimana.

"Mzee, endelea. Tuombee msichana."