Mzimu Mwenye Jina la Nyanya

"Lakini Mama, si ati naabudu mashetani. Ni hadithi tu ya wasichana wa bweni na mzimu."

Nilijibu mbio kwa sababu daftari langu lilikuwa mkononi mwake, karibu na jiko. Alikuwa amelisoma lote nikiwa nimeenda mjini Kitale.

"Mzimu si shida," akasema. "Shida ni umempa jina la marehemu nyanya yako. Na hilo jina tulishapatia mtoto wa dada yako huko Bungoma. Roho ya nyanya ilitulia jina lake lilipopata mtoto, sasa atatembea akitafuta nini? Mpe huyo mzimu jina lingine. Halafu umalize haraka, nijue kama yule msichana uliyemwacha bafuni na mzimu alitoka."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikaamua kesho asubuhi, kabla ya chai, naanza kufuta hilo jina, ukurasa kwa ukurasa.