Mgeni wa Chumba cha Juu

Alikuja Dubrovnik, mji wetu wa pwani ya Kroatia, akapanga chumba chetu cha juu kwa siku mbili tu, kijana mpole, na kila alipopita kwenye uchochoro wetu alisimama ukutani akatia vidole kwenye matundu yaliyoachwa na mizinga ya vita, taratibu, kama daktari anayepapasa kidonda. Vidole vilikuwa virefu, kucha zimetafunwa. Lugha yake ilikuwa yetu, ila lafudhi ni ya ng'ambo ya milima. Alitandika kitanda mwenyewe, akaosha kikombe kabla sijakigusa, na alizungumza kwa sauti ya mtu aliye msibani. Mama mkwe wangu, Deša, alimpenda, akamwekea sahani ya tini kavu.

"Bibi, hapa napo lilianguka kombora?" akauliza asubuhi ya pili.

"Jikoni hapa hapa, mwanangu. Vlaho, marehemu mume wangu, alikuwa anachemsha kahawa."

Kijana akainamia meza. "Baba yangu alikuwa kule juu mlimani, kwenye mizinga ya waliouzingira mji huu. Mpaka anakufa aliniapia kwamba walipiga kuta tu."

Mama mkwe hakupiga kelele. Alimsogezea sahani. "Kula, kisha uende zako."

Akala tini moja. Ilimchukua muda kuimeza, na Deša hakumwondolea macho mpaka ikashuka. Kisha akabeba mkoba wake, akashuka ngazi bila kuaga.

"Kijana mzuri," akaniambia mama mkwe mlango ulipofungwa. "Laiti angekuwa na roho mbaya, ningejua la kumfanya."